Firimbi ya Saa Sita Mchana

Mwezi Septemba 1918, mafua yalipokuwa yakiwamaliza askari katika kambi za karibu na Boston, Daktari William Hassler hakuwa na wasiwasi mkubwa. Yeye alikuwa mkuu wa afya wa mji wa San Francisco, na kati ya mji wake na Boston lilitanda bara zima la Marekani. Alidhani huenda gonjwa lisifike kabisa pwani ya Pasifiki, na kama litafika, litakuwa limeishiwa makali njiani. Tarehe 24 ya mwezi huohuo likaingia na msafiri mmoja aliyetoka Chicago. Hassler akaamuru alazwe na nyumba yake ifungwe. Kufikia tarehe 9 Oktoba wagonjwa walioandikishwa walikuwa 169. Wiki moja baadaye walipita 2,000, na hao ni wale tu ambao daktari alipata nafasi ya kuwaandika.

Yaliyofuata husimuliwa mara nyingi kama kisa cha watu wabishi walioshindana na barakoa. Mimi nakisoma vingine. Watu wa San Francisco walitii upesi kuliko watu wa miji mingi ya Marekani, tena wengi wao kwa hiari. Ubishi ulikuja baadaye, na ulikuja kwa sababu zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine.

Mji ule haukuwa mgeni wa maafa. Aprili 1906 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliuteketeza, na wenyeji wakaujenga upya kwa kasi iliyowapa kiburi cha haki. Kabla ya hapo, mwaka 1900, tauni ilikuwa imeingia Chinatown, mtaa wa Wachina. Gavana wa California wa wakati huo, Henry Gage, alikana katakata kwamba kuna tauni, akihofia biashara za jimbo. Maofisa wa afya wa mji nao wakaufungia mtaa kwa karantini ambayo mpaka wake ulipinda hapa na pale ili kuzikwepa nyumba za Wazungu na kuzibana za Wachina. Mahakama ya shirikisho ikaivunja karantini hiyo mwaka huohuo kwa ubaguzi wake. Tauni iliporudi mwaka 1907 mambo yalikwenda tofauti. Daktari Rupert Blue, mtumishi wa serikali kuu, aliongoza kazi ya kuwasaka panya nyumba hadi nyumba, raia wakashirikishwa, na ugonjwa ukashindwa. Mwaka 1918 Blue huyohuyo ndiye aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani.

Upande wa sheria, suala la nani mwenye neno la mwisho lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mchungaji Henning Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, alikataa kuchanjwa ndui, akatozwa faini ya dola 5, akapanda na kesi yake hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1905 akashindwa: majaji saba kwa wawili walisema mji una haki ya kumlazimisha mtu pale afya ya wote inapokuwa hatarini. Basi Hassler alikuwa na nguvu ya sheria mkononi. Alichohitaji ni watu.

Na kifaa alichokichagua kilikuwa bado kigeni. Barakoa ya kuzuia maradhi ya hewa ilipata jina kubwa katika tauni ya mapafu ya Manchuria, mwaka 1910 na 1911, iliyoua watu wapatao 60,000. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge ya Uingereza, alifika Harbin akatambua kwamba tauni ile hairukii mtu kutoka kwa kiroboto bali kutoka kinywani mwa mgonjwa. Akatengeneza barakoa ya shashi na pamba, akawataka wote wanaohudumia wagonjwa waivae. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, mkubwa wake kwa umri na kwa sifa, alimdharau. Aliingia wodini uso wazi. Siku chache baadaye alikuwa maiti, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Kufikia 1918 baadhi ya hospitali za Marekani zilikuwa zimeanza kuwavalisha wauguzi wake shashi. Lakini muuguzi aliyefundishwa, anayeingia wodini na kutoka, anayebadilisha barakoa na kunawa mikono, ni mtu mmoja. Mji mzima wa watu zaidi ya nusu milioni, wenye mabaa, tramu, ofisi na vinyozi, ni kitu kingine. Hilo halikuwa limejaribiwa popote kwa ukubwa huo.

Tarehe 18 Oktoba mji ulifunga shule, kumbi za sinema na za ngoma. Vinyozi waliamriwa kuvaa barakoa kazini, kisha wafanyakazi wa hoteli, wa benki na wauza maduka. Tarehe 22 likatoka tangazo kubwa magazetini, limetiwa saini na Meya James Rolph, Bodi ya Afya, Msalaba Mwekundu, chama cha wafanyabiashara na baraza la vyama vya wafanyakazi. Hebu tazama orodha hiyo: tajiri na kibarua wamesimama pamoja. Tangazo liliwahimiza watu wavae barakoa waokoe maisha yao, na likaongeza kwamba barakoa ya shashi ni kinga ya asilimia 99 dhidi ya mafua. Namba hiyo haikutoka katika kipimo chochote. Iliandikwa ili iaminike, na iliaminika.

Saa tano asubuhi siku hiyo Msalaba Mwekundu walitoa barakoa 5,000 kwa wananchi. Saa sita zilikuwa zimekwisha. Kufikia adhuhuri ya kesho yake walikuwa wametoa 40,000, na tarehe 26 zilikuwa zimefika 100,000. Bei ilikuwa senti 10. Wengine walijishonea nyumbani. Tarehe 24 Baraza la Madiwani lilipitisha sheria ndogo kwa kauli moja: kila mtu aliye barabarani, mahali pa umma au penye mkusanyiko wa watu wawili au zaidi avae barakoa ya tabaka nne za kitambaa chepesi. Waliosamehewa ni watu wawili walio peke yao nyumbani, na mtu yeyote wakati anakula. Msamaha huo wa chakula nitaurudia, maana una mengi ndani yake.

Magazeti yalifurahia mitindo. Kulikuwa na barakoa za mraba zilizofanana na ravioli za Kitaliano, ambazo polisi walizipenda. Kulikuwa na nyingine zilizochongoka mbele kama pua ya mnyama. Wanawake wengine walishusha vitambaa virefu vyepesi kutoka machoni hadi kifuani. Wavuta sigara walitoboa tundu katikati ya shashi wakapenyeza sigara, na nadhani hakuna picha inayoeleza vizuri zaidi jinsi binadamu anavyoitii sheria.

Kilichowasukuma watu, mbali na hofu, kilikuwa vita. Marekani ilikuwa na vijana wake zaidi ya milioni moja Ufaransa, na mji ulizoea kuchangishwa, kupunguziwa sukari, na kusutwa kwa lolote lililoonekana kama kukwepa wajibu. Asiyevaa barakoa aliitwa kwa tusi lilelile la vijana waliokwepa kuandikishwa jeshini. Ukimya wa majirani ulifanya kazi ambayo polisi wasingeweza kuifanya. Hata hivyo polisi nao walikuwepo. Jumapili ya tarehe 27 Oktoba walikamatwa watu 110, wakashitakiwa kwa kosa la kuvuruga amani. Wengi walitozwa dola 5, faini ileile ya Mchungaji Jacobson. Wachache walipelekwa jela siku kadhaa. Mahabusu ya mji ikafurika, mahakimu wakakesha kazini.

Siku iliyofuata, kwenye kona ya mitaa ya Powell na Market, mbele ya duka la dawa, mhunzi mmoja alisimama akiwaambia wapita njia wazitupe barakoa zao, kwamba ni upuuzi mtupu. Mkaguzi wa afya alimwendea akamshika ili amwingize dukani anunue barakoa. Mhunzi alikuwa amebeba mfuko wa dola za fedha. Akamtwanga nao mkaguzi kichwani, na mkaguzi, akiwa chini anapigwa, akatoa bastola akafyatua. Risasi zilimpata mhunzi, zikawapata na watu wawili waliokuwa wakipita tu. Hakuna aliyekufa. Mhunzi alishitakiwa kwa kuvuruga amani na kumpinga ofisa. Mkaguzi akashitakiwa kwa kushambulia kwa silaha ya hatari. Ni tukio moja tu katika wiki nne za sheria, lakini ndilo linalokumbukwa zaidi, na ndilo lililosaidia kuwapa watu wa San Francisco sifa ya ubishi ambayo mwezi ule hawakuistahili.

Maana wengi walivaa. Swali ni walivaa wapi. Daktari W. H. Kellogg, katibu wa Bodi ya Afya ya jimbo la California, alipochunguza baadaye aliona kwamba barakoa zilivaliwa barabarani na kwenye tramu, mahali ambapo hewa inatembea na polisi anaona. Ndani ya ofisi, nyumbani kwa marafiki na mezani kwa chakula, zilivuliwa. Anayekumbuka matatu za Nairobi za mwaka 2020 hahitaji kuelezwa: barakoa kidevuni safari nzima, kisha kondakta anapiga kelele kwamba kuna askari mbele, na gari zima linafunika pua kwa mkupuo mmoja. Sheria ya San Francisco yenyewe ilimruhusu mtu kuvua anapokula, yaani katika saa ileile ambayo watu huketi karibu, hucheka na kuzungumza uso kwa uso ndani ya chumba kilichofungwa. Isingewezekana kuiandika vingine, kwa kuwa watu lazima wale. Lakini mafua hayakuwa yamesoma sheria.

Wagonjwa wapya walipungua sana kufikia katikati ya Novemba, na hapo ndipo kosa kubwa lilipoanza kupikwa. Kila mtu, Hassler akiwa wa kwanza, aliona barakoa imepanda na mafua yameshuka, akahitimisha kwamba moja limeleta jingine. Hassler alijisifu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba, habari za kusimama kwa vita zilipofika, maelfu walimiminika Market Street wakiimba, wakipiga honi na kukumbatiana, na wengi walikuwa na shashi usoni. Ni taswira ya ajabu: sherehe kubwa kuliko zote za kizazi kile, nyuso hazionekani.

Wakuu wenyewe walikuwa wameanza kulegea. Kwenye pambano la ngumi mwezi huo mpiga picha aliwanasa meya, mkuu wa afya, jaji, mbunge na ofisa wa jeshi la maji wakiwa wamekaa karibu na ulingo, nyuso wazi. Picha ikachapishwa. Hassler alilipa faini ya dola 5, na baadaye Rolph akalipa dola 50. Hakuna aliyelala jela, tofauti na baadhi ya vibarua waliokamatwa mwezi uliotangulia. Ukiwauliza wataalamu wa magonjwa, uso wa meya mmoja hauongezi wala haupunguzi kitu katika takwimu. Ukimuuliza aliyelipa dola 5 kutoka katika mshahara wa wiki, utapata jibu lingine. Wala haikuishia hapo: Januari iliyofuata John Davie, meya wa Oakland, mji ulio ng'ambo ya ghuba, alikamatwa Sacramento kwa kukaa hotelini bila barakoa, akakasirika kana kwamba sheria ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Alhamisi ya tarehe 21 Novemba, saa sita kamili mchana, firimbi na ving'ora vililia San Francisco nzima. Barakoa zilivuliwa kwa pamoja. Njia za miguu na mifereji ya barabara ikajaa shashi. Watu walicheka kuonana midomo. Utawala wa mji ulikuwa umeigeuza afya kuwa sherehe yenye saa na dakika, na kwa kufanya hivyo uliwaambia wananchi jambo moja ambalo halikuwa kweli: kwamba limekwisha. Nikitafuta mahali ambapo utii ulianza kuvunjika, sioni pambano la ngumi wala bastola ya mkaguzi. Naona firimbi hiyo.

Wiki mbili hazikupita sawasawa kabla ya wagonjwa kuanza kuongezeka tena. Tarehe 7 Desemba Hassler na meya wakawaomba watu wavae barakoa kwa hiari. Wachache waliitika. Wenye maduka walikuwa wakingoja mauzo ya Krismasi na hawakutaka wateja wakae nyumbani. Wafuasi wa dini ya Christian Science walisema imani yao inaingiliwa. Wengine walijenga hoja iliyokwenda mbali zaidi: kama Bodi ya Afya inaweza kunifunika uso kwa nguvu, kesho itanichoma sindano kwa nguvu. Kisheria walikuwa wamechelewa, kwa kuwa mahakama ilikwisha kulijibu hilo mwaka 1905. Lakini hoja ya haki ya mtu juu ya mwili wake haizimwi na hukumu, na wakati ule ilikuwa na mashiko ya pekee kwa sababu sindano ya mafua kweli ilikuwepo.

Hapa inabidi niache kidogo barabara na kuingia maabara. Mwaka 1918 hakuna aliyejua mafua yanasababishwa na nini. Tangu 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alikuwa ameshikilia kwamba ni bakteria fulani aliyemkuta kwenye makohozi ya wagonjwa, na dunia nzima ya tiba ilimwamini. Huko Boston, Timothy Leary wa chuo cha Tufts akatengeneza chanjo ya bakteria huyo, na shehena ya chanjo hiyo ikavushwa bara hadi San Francisco, ambako maelfu walichanjwa. Je, iliwakinga? George McCoy, mkurugenzi wa maabara ya afya ya serikali kuu, alisimamia jaribio katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko California: wagonjwa wa wodi zilezile, mmoja anachanjwa na mwenzake anaachwa kama kipimo. Maradhi yalipoingia hayakubagua. Waliochanjwa waliugua sawa na wasiochanjwa. Matokeo yalichapishwa kabla ya mwaka kwisha, na ni mojawapo ya majaribio safi kabisa ya enzi ile, ingawa kuwatumia watu wasioweza kukataa si jambo la kupita bila kulitazama.

Jingine lilikuwa la ajabu zaidi. Katikati ya ghuba ya San Francisco kipo kisiwa cha Yerba Buena, kilichokuwa na chuo cha mafunzo cha jeshi la maji. Kamanda wake alifunga kisiwa tarehe 23 Septemba, kabla ya mgonjwa wa kwanza wa mjini. Aliyefika kutoka nje aliwekwa kando kwanza, na hata mabomba ya maji ya kunywa yalisafishwa kwa moto. Maelfu ya vijana wakaishi pale kwa miezi miwili, wakiuona mji unaougua ng'ambo ya maji, na mafua hayakuwagusa. Hao ndio walioombwa kujitolea. McCoy alichukua mabaharia 50 waliokuwa hawajaugua, akawatia puani na kooni bakteria wa Pfeiffer, kisha makamasi ya wagonjwa, yaliyochujwa na yasiyochujwa. Hakuna hata mmoja aliyepata mafua. Huko Boston jaribio kama hilo lilifanywa kwa mabaharia wafungwa walioahidiwa msamaha. Wagonjwa waliambiwa wawakoholee usoni, na hao pia hawakuugua. Ugonjwa uliokuwa ukiua mamilioni duniani ulikataa kuambukizwa kwa amri. Ilibidi kungoja hadi 1933, London, Wilson Smith na wenzake walipofanikiwa kuwaambukiza fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, ndipo ikathibitika kwamba mkosaji ni virusi.

Kuhusu kinga basi, madaktari wa 1918 walikuwa gizani, na wakati mwingine walizungumza kana kwamba taa inawaka. Waliona kwamba mafua haya yaliua zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, walio katika nguvu zao, huku wazee wengi wakinusurika kuliko ilivyotarajiwa. Leo wengi wanadhani wazee walikuwa na masalio ya kinga kutoka mafua ya zamani. Waliona pia kwamba mtaa uliopigwa sana Oktoba haukupigwa sana tena Januari. Lakini hawakuweza kumpima mtu damu na kumwambia wewe umekingika, wewe bado. Ndiyo maana barakoa ilibebeshwa kazi yote. Kushuka kwa Novemba, ambako kulihusishwa na shashi, huenda kulitokana pia na kufungwa kwa shule na kumbi, na kwa sehemu kubwa na ukweli mchungu kwamba maelfu ya waliokuwa karibu na ugonjwa walikuwa wameshaugua na kupona, au kufa. Yerba Buena ilifungua milango tarehe 21 Novemba, siku ileile ya firimbi. Desemba mafua yakaingia kisiwani. Miezi miwili ya ulinzi mkali iliwapa mabaharia wale muda, tena muda wenye thamani kubwa, lakini haikuwapa kinga.

Turudi mjini. Katikati ya Desemba bomu la kienyeji lilipelekwa kwa Hassler. Liligunduliwa kabla ya kulipuka. Tarehe 19 Baraza la Madiwani lilipigia kura pendekezo la kurudisha sheria ya barakoa, likaanguka kwa kura tisa dhidi ya saba. Miezi miwili kabla, baraza hilohilo halikuwa na mtu hata mmoja wa kupinga. Krismasi ikapita, watu wakanunua zawadi na wakazika. Tarehe 10 Januari 1919 wagonjwa wapya 600 waliripotiwa kwa siku moja. Madiwani wakageuka, wakapitisha sheria kwa kura 15 dhidi ya moja, ianze tarehe 17.

Safari hii vita vilikuwa vimekwisha, na pamoja navyo ilikuwa imekwisha aibu ya kuitwa mkwepaji. Tangazo la asilimia 99 lilikuwa bado linakumbukwa na wote. Waliovaa Oktoba kwa bidii zote walijiuliza, kama kitambaa hiki kinazuia kwa asilimia 99, hawa wanaokufa Januari wametoka wapi? Hakuna aliyewaambia mapema kwamba barakoa inapunguza tu hatari, kwamba inategemea unene wa shashi na mahali unapoivaa. Waliahidiwa zaidi, kwa hiyo walidai zaidi.

Jumamosi ya tarehe 25 Januari watu 2,000 au zaidi walikusanyika katika ukumbi wa Dreamland, uliotumika kwa kuteleza kwa viatu vya magurudumu na kwa ndondi. Walijiita Ligi ya Kupinga Barakoa. Mwenyekiti alikuwa E. C. Harrington, mwanasheria, mpigania haki ya wanawake ya kura na mpinzani wa siku nyingi wa Meya Rolph. Waliokuja hawakuwa kundi moja. Walikuwepo madaktari wasioamini shashi, watetezi wa katiba, na watu wa siasa waliokuja na visu vyao dhidi ya Rolph. Upande mmoja ulitaka ombi la adabu lipelekwe kwa madiwani sheria ifutwe. Upande mwingine ulitaka zikusanywe saini za kumfukuza Hassler kazini. Walibishana mpaka mkutano ukavunjika kwa vurugu. Ukiwasoma bila haraka, utaona wengi wao hawakuwa wakidai kwamba mafua hayapo. Walikuwa wamezika. Walichokuwa wamepoteza ni imani kwa mtu aliyewaambia wavae nini.

Ombi lilifika kwa madiwani, halikubadilisha kura. Lakini wagonjwa walianza kupungua wenyewe, na tarehe 1 Februari Rolph aliiondoa sheria kwa ushauri wa Hassler. Mara hii hakuna firimbi iliyopigwa kwa mbwembwe zile. Mji ulikuwa umeandikisha wagonjwa karibu 45,000 na vifo zaidi ya 3,000, na ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani iliyoumia zaidi, pamoja na barakoa zake zote.

Kellogg, katibu wa afya wa jimbo, hakuridhika na mabishano ya ukumbini. Alilinganisha Stockton ya California, iliyolazimisha barakoa, na Boston, ambayo haikulazimisha, akakuta mstari wa vifo wa miji hiyo miwili unapanda na kushuka karibu sawa. Kisha yeye na mwenzake wakachukua shashi maabara na kupima tabaka kwa tabaka kiasi cha bakteria kinachopita. Matokeo, yaliyochapishwa 1920, yaliwasuta wote. Shashi nyembamba inapitisha karibu kila kitu. Ukiongeza tabaka mpaka ichuje vizuri, mvaaji hawezi kupumua kwa raha, na hewa, ikikosa njia mbele, hupenya pembeni mwa mashavu bila kuchujwa. Kellogg hakusema barakoa ni upuuzi. Kwa muuguzi kando ya kitanda aliiona ina nafasi. Alichosema ni kwamba kuulazimisha mji mzima kuvaa kitambaa kile, kwa namna ile, hakukuonekana kubadili mwendo wa mafua. Wale waliosoma ripoti yake nusu wamekuwa wakimtumia tangu hapo kupinga barakoa za kila aina, hata zile za vitambaa vya kisasa ambavyo yeye hakupata kuviona.

Novemba 1919 mji ulipiga kura ya umeya. Rolph, mwenye faini yake ya dola 50 na sheria zake mbili, alishinda tena. Aliendelea kuwa meya hadi 1931, alipoondoka kwenda kuwa gavana wa California.